Mlango wa Chumba cha Juu

Jumatatu, 3 Februari

Manyunyu tangu asubuhi. Mji mzima wa Huế umelowa, na katika watu wote waliolowa mimi ndiye mwenye furaha zaidi. Nimeoa! Bado nikiamka namtazama Khuê kwa mshangao, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwenzake kwa makosa na anaogopa kuulizwa.

Tatizo letu ni moja. Mlango. Hatuna. Tunakaa kwa wakwe zangu, chumba cha mbele, nyuma ya pazia la maua, kando ya madhabahu ya mababu. Na mimi ni fundi milango. Kutwa nawawekea watu milango ya alumini na vioo, jioni narudi nyuma ya pazia. Niliwahi kumdokezea Baba mkwe kwamba kamlango kadogo ka kukunja hakatamdhuru mtu. Akasema mababu wamezoea kuona barabara, hawezi kuwafungia uso kwa ajili ya bwana arusi.

Lakini leo, baada ya chakula, Baba ametoa tangazo. Chumba cha juu, chenye mlango wa mbao na komeo la shaba, atapewa mkwe atakayelichambua vizuri zaidi shairi la "Mwanzi" mbele ya klabu ya mashairi ya kata. Ni Jumatano ya wiki ijayo, sikukuu ya mwezi mpevu wa kwanza. Baba ndiye mwenyekiti wa klabu. Anasema nyumba yake haiwezi kujaa wakwe wasioweza kusema neno juu ya shairi.

Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu Bách, mume wa dada mkubwa wa Khuê. Bách ana duka la dawa na nyumba yake ya ghorofa. Chumba cha nini, basi? Cha kuwekea maboksi ya dawa ya kikohozi. Maboksi! Mimi naota kumfungia dunia mlango na kubaki na mke wangu, yeye anaota kuhifadhi kikohozi.

Khuê amenifinya kidole chini ya meza. Maana yake: shinda.

Jumanne, 4 Februari

Nimelisoma shairi. Alilitunga mwanzilishi wa klabu, sasa marehemu, alipokuwa kijana gerezani. Anajifananisha na ndege shore, kama wale anaowafuga Baba mkwe, aliyefungiwa katika tundu la mianzi. Shore anasikia mvua, anakumbuka msitu, kisha ghafla anaanza kusema na tundu lenyewe:

*Mwanzi unaonizuia, nawe ulitoka msituni.*
*Nani alikukata, akakufunza kunifunga?*
*Mvua ikinyesha tunaisikia pamoja,*
*mimi kwa bawa, wewe kwa shina.*

Zuri mno. Tatizo, silioni huzuni yake. Kila nikisoma "unaonizuia" namkumbuka Khuê akinizuia mlangoni asubuhi nisiondoke bila koti la mvua. Nimeandika kurasa mbili kwa mkupuo. Nimesema shore ana bahati: ana papai, ana paa, ana mtu wa kumfunika jioni. Anataka nini tena?

Nikamsomea Khuê kwa sauti. Akauliza huyu ndege anaomboleza au anakwenda kupiga picha za harusi. Akasema ningemsomea marehemu maneno hayo, angerudi gerezani kwa hiari yake.

Amecheka mpaka akaegemea bega langu. Kurasa mbili hazikupotea bure.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango mkubwa. Kama sijui kifungo, nitakionja. Asubuhi nilimwomba Khuê anifungie bafuni uani kwa kufuli, kwa nje, asifungue mpaka moyo wangu uumie. Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Akatia ufunguo mkobani, akaenda zake shule ya chekechea kufundisha.

Nilikaa juu ya ndoo. Nikasikiliza mvua kwenye bati. Nikajaribu kukumbuka msitu. Sijawahi kuishi msituni, kwa hiyo nikakumbuka soko la Đông Ba.

Mara Mama mkwe akagonga. Akauliza, "Mwanangu, umekwama?"

Nikamjibu nasoma shairi.

Akasema, "Sawa. Na mimi nikasomee wapi?"

Nikamweleza habari ya ufunguo. Akaenda kwa jirani. Baada yake akaja Baba, naye akaenda kwa jirani, huku akisema mambo ambayo hayamo katika shairi lolote.

Adhuhuri Khuê alirudi na pikipiki, amebeba wali wa kome. Nikamwomba asifungue kwanza, nimalize kifungo changu kwa heshima. Tukala hivyo, yeye nje chini ya mwavuli, mimi ndani, tukipokezana kijiko kupitia dirisha. Pilipili ilimtoa machozi, nikayafuta kwa mkono uliopita kwenye nondo. Sijawahi kula chakula kitamu vile. Mama, akitoka kwa jirani, alitukuta. Akamwambia Khuê kwamba humu ndani sasa kuna ndege wa aina mbili, na wa Baba angalau hawazibi bafu.

Nilichojifunza kuhusu kifungo: hakuna.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempeleleza Bách. Asubuhi nilikwenda mkahawa wa kahawa ambako wazee hutundika matundu ya ndege wao chini ya paa na kubishana ndege yupi kaimba vizuri. Baba alikuwepo na shore wake watano. Mkubwa wao, mwenye kishungi kama kofia, anaitwa Jenerali. Kamuulize mtu yeyote mjini, atakuambia jinsi Jenerali alivyowanyamazisha ndege wa wilaya nzima.

Bách alikaa karibu na Baba, akimmenyea papai Jenerali. Ananyenyekea kwa ndege! Alipoondoka nikamfuata kwa mbali. Akapita kituo cha basi, akapita duka lake, akaingia katika kibanda cha kunakili karatasi kilicho mbele ya shule ya sekondari. Akatoka na bahasha ndani ya koti.

Nikaelewa mara moja. Insha za mfano! Nani kati yetu hakuvuka mtihani kwa kukariri insha ya mfano? Nikasubiri apotee, nikaingia. Nikamwambia mwenye kibanda, Bi Sương, kwamba nataka uchambuzi wa shairi la "Mwanzi". Akasema shairi hilo halimo mtaalani. Ila anayo moja nzuri, ya jumla, ina uhuru, ina nchi, ina machozi. Mahali penye nafasi mtu anaweka jina la shairi lake.

Nikamuuliza yule bwana wa kabla yangu amechukua nini. Akaniapia amekuja kunakili kitambulisho.

Sawa. Nimefarijika. Ninayo peke yangu.

Jumapili, 9 Februari

Nakariri. Khuê hapendi. Anasema maneno haya hayana harufu yangu, yananuka mtihani. Nikamwambia yatanuka chumba cha juu. Hakucheka. Akasema hicho chumba anakitaka kuliko mimi, maana jana Baba aliamka kuchemsha chai, akapita kando ya pazia na kututakia asubuhi njema sote wawili kwa majina. Ila anataka tukipate kwa maneno ya mumewe.

Mke wangu! Nimeyaandika haya ili niyakumbuke. Kisha nimeendelea kukariri.

Jioni nilimsaidia Mama kuchagua panzi wa kulisha ndege. Mama alikuwa anatazama kalenda ya ukutani, picha ya mashamba ya maua ya Đà Lạt. Akasema tangu Khuê yuko shule ya msingi amekuwa akimwomba Baba waende wakayaone, na kila mwaka jibu ni hilohilo: nani atawaogesha ndege? Hata harusi ya mpwa wake kule Quảng Ngãi Baba alikula bila kuketi, akarudi na basi la saa nane. Nikasema pole Mama, nikaendelea na kifungu cha tatu: "Shairi hili ni mwenge."

Jumanne, 11 Februari

Nimeijua yote. Nimemsomea Jenerali. Amenipa mgongo.

Jumatano, 12 Februari

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Ukumbi wa kata ulijaa. Taa za karatasi, chai ya tangawizi, mbegu za tikiti. Mwezi haukuonekana kwa sababu ya mawingu, lakini kila mshairi aliusifu. Wanachama karibu wote ni walimu wastaafu. Mbele kabisa aliketi Bibi Thục, amevaa vazi refu la mahameli, fimbo mapajani kama yuko darasani.

Bách akaanza, kwa kuwa ndiye mkwe mkubwa. Akakohoa. Akasema, "Tangu enzi za mababu zetu, uhuru umekuwa pumzi ya kila kiumbe chenye moyo."

Ile ndiyo sentensi yangu. Ya pili ilikuwa yangu. Mwenge ulikuwa wangu. Nikapapasa mfukoni kuona kama ameniibia, karatasi ilikuwepo. Bi Sương!

Lakini kuna jambo la ajabu zaidi. Wazee wa mstari wa mbele walikuwa wanachezesha midomo. Wanasema naye! Bách alipofika kwenye "ndege huyu ameinamisha kichwa kama suke lililoiva", Bibi Thục alimaliza sentensi kabla yake, kisha akasema kwa upole, "Endelea, mwanangu. Hiyo insha niliiandika mimi, kwa ajili ya darasa la tisa. Ilikuwa kuhusu shamba la mpunga."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Bách akaendelea mpaka mwisho, mavuno na yote. Nampa heshima yake, mimi nisingeweza.

Kisha Baba akaita jina langu. Thoại. Nikasimama na karatasi isiyofaa hata kufungia samaki. Nikamtafuta Khuê kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na Mama, akanifinyia kidole hewani.

Nikasema ukweli. Nikasema mimi si mtu wa kulichambua shairi hili, kwa sababu mimi mwenyewe nimefungwa, nyuma ya pazia la maua, na sijawahi kuwa na furaha namna hii. Watu wakacheka. Nikasema nimejaribu kumhurumia shore kwa wiki nzima, nikashindwa. Lakini mtunzi hakusema na mlinzi wala na kufuli, alisema na mwanzi. Nami najua kidogo habari za vitu vinavyozuia, ndiyo kazi yangu. Mlango nao hauendi popote. Shore amekaa ndani, mwanzi umesimama nje kumshika, na jioni ikifika wote wawili wako palepale. Anayefunga naye amefungwa, ila hajui, kwa sababu upande wake wa tundu ni mkubwa zaidi.

Ningeishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Nikaongeza kwamba Mama mkwe wangu anataka kuona maua ya Đà Lạt tangu mke wangu akiwa shule ya msingi, lakini ndege wamemkatalia Baba ruhusa.

Mama akaweka kikombe chini. Bibi Thục akagonga fimbo sakafuni mara moja, akamwambia Baba, "Mwenyekiti, huyu kasoma."

Baba akaniuliza hayo nimeyanunua wapi. Nikajibu sikuyanunua. Akasema, "Inaonekana."

Sijui kama nimeshinda au nimefukuzwa. Tumerudi nyumbani kwa pikipiki mbili, Baba mbele. Khuê amenikumbatia kiuno njia nzima. Tukifukuzwa, tutafukuzwa hivi.

Alhamisi, 13 Februari

Chumba ni chetu!

Baba ameleta ufunguo wakati wa chai. Alisema amelala akifikiria kuhusu mwanzi, na kwamba jambo hilo angelisikia kwa mtu mwenye adabu zaidi, angelipenda zaidi. Mama alikuwa anakunja nguo ndani ya begi. Kesho jioni wanaondoka kwenda Đà Lạt. Nimemwona Baba akimwuliza kama huko kuna baridi, na Mama akamfunga skafu shingoni kujaribu. Bách amekuja kunipongeza na boksi moja la dawa ya kikohozi. Nimelipokea kwa ukarimu wa mshindi.

Jioni nililipaka mafuta komeo la shaba. Linateleza kama siagi. Khuê amelifunga na kulifungua, amelifunga na kulifungua, tukitazamana.

Jumamosi, 15 Februari

Baba na Mama waliondoka jana jioni. Kabla ya kupanda basi, Baba alipandisha matundu matano chumba cha juu, akayatundika mwenyewe juu ya kitanda. Alisema aliyemfungulia yeye ndiye atakayewashika ndege, ni haki tupu. Panzi asubuhi, papai mchana, kuoga kabla jua halijakolea. Tena shore hawavumilii chumba kilichozibwa. Wanahitaji hewa. Mlango uachwe wazi, mchana na usiku.

Kwa hiyo mlango tunao, na uko wazi. Nimetundika lile pazia la maua.

Alfajiri Jenerali aliwaamsha mababu. Kisha simu ikalia: Baba, kwa picha, kutoka kwenye basi, anataka kumwona kila ndege kwa zamu. Nyuma yake Mama alikuwa anatazama milima dirishani, anatabasamu peke yake. Nilizungusha simu, Khuê akajificha chini ya blanketi akicheka. Baba akamsikia, akamtakia asubuhi njema kwa jina.

Haidhuru. Nina mpango. Baba amesema sikukuu ya mwezi wa vuli kutakuwa na shairi jingine, na atakayelichambua vizuri atachagua ndege walale wapi. Safari hii sitakurupuka. Leo nikitoka kazini nimepita kwa Bi Sương na kuagiza insha mapema, kabla ya mtu yeyote. Ameniapia kwamba hii ni yangu peke yangu.

Nilipokuwa naingia, Bách alikuwa anatoka. Alikuja kunakili kitambulisho.