Mashine Inayopekua Mawe

Kwako Mkuu wa Maabara ya Mawe, shikamoo.

Naandikia hapa hapa kwenye benchi la kukatia, maana Dada wa Picha ameshalaza jiwe jingine kwenye eksirei na mimi uvumilivu umenishinda. Shule niliishia njiani, Mkuu, kwa hiyo herufi zikigongana usinune. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mashine haina adabu. Mimi nakata jiwe, nalisugua mpaka linang'aa, Dada anawasha eksirei, na kabla chai haijapoa ramani iko kwenye kioo: chuma kwa nyekundu, shaba kwa kijani, chokaa kwa bluu. Jiwe limeficha mambo yake tangu dunia iumbwe, leo linaanikwa kama nguo. Hata hodi hakuna.

2. Jina. Humu wananiita Jiwe kwa kuwa sisemi. Juzi ulipiga simu getini kwamba jiwe lipelekwe kwenye picha. Mzee wa geti, ambaye sikio lake moja limeshastaafu, akanishika mkono mpaka kwa Dada. Dada akacheka mpaka akakaa chini. "Babu, huyu haenei humu. Labda tumkate kwanza." Mzee akauliza nikatwe wapi.

3. Hili ndilo linaloniua. Dada akiinamia kioo anasema, "Jiwe langu, kumbe ndani una shaba yote hii?" Nami niko nyuma ya mlango. Angesema "Jiwe wangu" ningejua ni mimi, mtu. "Langu" ni lile la kwenye trei. Hata hivyo nimeshaitika mara mbili.

Kwa hiyo naomba mashine ipigwe marufuku. Ikishindikana, iongezwe ukubwa niingie mimi, aone mwenyewe kilichomo, maana mdomo wangu umegoma. Rangi achague yeye. Isiwe bluu tu. Chokaa huwa anaitupa.

Nisalimie mama na watoto, wahasibu wote, na mzee wa geti, yeye umsalimie kwa sauti.

Ni mimi mtiifu wako,
Jiwe, chumba cha kukatia.

Tena: Mkuu, barua hii ichane. Dada amechungulia mlangoni sasa hivi na mwavuli mkononi. "Jiwe wangu, utakaa humo mpaka uote ukungu? Nisindikize, mvua hiyo."

Wangu, Mkuu. Hakusema langu. Mashine ibaki hivyo hivyo na udogo wake. Mimi naondoka, ananisubiri, na mwavuli ni mmoja.