Mawe ya Colter

Jumatatu, 14 Aprili
Colter sasa hivi amenitilia jiwe kiatuni, kisha akajipigia makofi. Mwaka mmoja na nusu, na anapenda mawe kuliko maziwa. Kipenzi changu.

Habari kubwa. Bwana Yellowhorse, askari wa hifadhi, anatafuta mama wa kuongoza matembezi ya asubuhi ya kina mama na watoto. Wifi yangu Tamsin anaitaka nafasi. Amesoma chuo. Mimi niliishia darasa la kumi, na hakuna aliyewahi kunikabidhi hata ufunguo wa kanisa. Naitaka sana. Nitajaribiwa Alhamisi.

Jumanne, 15 Aprili
Hila imepatikana. Njia ya kwenda kwenye tao la mwamba, lile wanaloenda kuliona wageni, hupita juu ya miamba mitupu, inaonyeshwa na virundo vya mawe tu. Nimepanga vyangu, vidogo, kwenye njia ya mkato. Ni marufuku. Lakini vyangu ni vya muda.

Alhamisi, 17 Aprili
Kina mama wanne, na Tamsin. Kwenda, safi kabisa. Penye kila kirundo nilimtua Colter kutoka mgongoni anyooshe miguu, nami nikiwaeleza wenzangu habari za mimea.

Kurudi, hakuna kirundo hata kimoja. Mwamba mwekundu kila upande. Jua likapanda. Tamsin akauliza, kwa upole wenye sumu, "Wifi, tuko wapi?" Nikajibu tunapumzika. Maji yakabaki ya watoto tu. Hapo niliogopa kweli.

Mgongo ulikuwa ukiniuma. Nikamtua Colter. Mbeleko yake imejaa mawe. Virundo vyote, mtoto wangu ameviokota.

Bwana Yellowhorse alitupata baada ya adhuhuri. Hakufoka. Alimbeba binti wa Tamsin, akaniambia, "Mama, jangwani anayekufuata amekupa roho yake uishike." Nililia hadi kwenye magari.

Ijumaa, 18 Aprili
Nafasi kapewa Tamsin. Nilimwomba radhi. Alinikumbatia, akasema nitembee nao, nikae mwisho wa mstari, nisiguse kitu.

Nimejifunza. Mawe, basi tena. Ila Tamsin naye anaweza kupotea, na nani atawaokoa? Nitaangusha biskuti za chumvi, moja moja, nyuma yangu. Bwana Yellowhorse ataona nani kiongozi. Na Colter hatazigusa, biskuti za chumvi hazipendi kata—

Mume wangu Dell ananiita jikoni. Anasema kopo la biskuti liko wazi sakafuni na mwanao ame—