Mkomamanga wa Kumridhisha Baba

Jumatatu, 10 Novemba
Baba hatoki tena kitandani. Daktari kasema ni siku chache tu. Nalia na kupanga, yote kwa pamoja. Kabla hajaenda nataka aniambie: nimeridhika nawe, Ergash. Basi! Mdogo wangu Tohir hulipata neno hilo bure. Akileta maji: nimeridhika, mwanangu. Akimfunika miguu: nimeridhika. Leo hata paka kaambiwa, kwa kumpasha mgongo moto. Mimi nikaambiwa nikae tunywe chai. Chai! Niliukata mkomamanga wake nipate pa kuweka gari. Kosa kama hilo halifutwi kwa chai.

Jumanne, 11 Novemba
Dawa imepatikana! Nimeleta mkomamanga mzima kutoka mji wa Quva, nikaupanda mbele ya dirisha lake. Majani yalipukutika njiani, hivyo nikanunua makomamanga sokoni nikayafunga matawini kwa uzi. Muuzaji aliniuliza kama nimeridhika. Nikamjibu nimeridhika. Kwa watu baki ni rahisi hivyo! Baba alicheka mpaka akapaliwa. Akasema huu ndio msimu wa kulaza mikomamanga na kuifukia, baridi isije ikaiua. Niufukie, kisha nije tunywe chai. Nikamwambia kesho.

Jumatano, 12 Novemba
Naamka, mti hakuna. Tuta la udongo! Tohir kaufukia alfajiri. Kijicho hicho! Wema wangu anauzika ardhini. Nimeufukua, nikaufungia makomamanga upya. Tohir akaniambia, Kaka, Baba hatazami mti, anatazama mlango. Nikamwambia asinifundishe baba yangu.

Alhamisi, 13 Novemba
Maji ya mfereji yameganda. Mti umekuwa mweusi, umekufa. Nikakimbilia Quva kutafuta mwingine. Niliporudi adhuhuri, Tohir alikuwa amesimama langoni, mkanda wa msiba kiunoni juu ya joho, majirani wamejipanga ukutani. Mti ukaniponyoka.

Anasema Baba aliniulizia mara tatu. Kisha akasema: mwambieni Ergash nimeridhika naye tangu zamani, aache kuhangaika. Labda ni kweli. Labda Tohir kanihurumia tu, maana ndivyo alivyo. Sitajua kamwe, na jambo hili linaniuma kuliko msiba wenyewe.

Kabla ya kuzika, imamu aliwauliza watu kama wameridhika naye. Wote wakaitikia, tumeridhika. Nilitaka na yeye aulizwe kuhusu mimi.

Ijumaa, 14 Novemba
Nimefikiri sana. Niliyemkosea ni Tohir! Miaka yote amemtunza Baba peke yake, nami namwita mwenye kijicho. Lazima aridhike nami, tena aseme mbele ya mashahidi. Bahati nzuri mti wa jana bado uko langoni. Nitaupanda mbele ya dirisha lake, umesimama wima, auone.

Sasa hivi kanifuata uani, macho mekundu. Kasema chumba cha Baba kinamshinda kukaa peke yake. Niingie tunywe chai.

Nimemwambia kesho.