Mfiwa Hapandi Baiskeli

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimejiua. Shajara hii iwe shahidi.

Mkutano wa jumuiya yetu ya Watanzania, ukumbi wa kanisa, Harrow. Geofrey, katibu, kaja na kaptula ya kubana ya waendesha baiskeli. Mbele ya akina mama! Kapendekeza bank holiday ijayo, ile Jumatatu ya mapumziko, twende Ireland, milima ya Wicklow, tukatembelee vivutio kwa baiskeli. Watu kumi. Treni, meli, hosteli, vyote kapanga. Kilichobaki ni mtu wa kuongoza msafara. Ningekaa kimya, lakini Aikaeli akageuka akaniangalia.

Aikaeli ni nesi, binti wa Mwanga. Miaka mitatu sasa namsimulia nilivyokuwa nashusha mikungu ya ndizi kwa baiskeli kutoka Kibosho hadi Moshi mjini, bila breki. Aliwahi kusema mwanaume mwoga hamtaki hata kwa dawa. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Makofi. Mwenyekiti wa kamati ya safari, mimi, Telesphor.

Ukweli nauandika hapa tu. Sijui kuendesha baiskeli. Nilipanda mara moja, nina miaka tisa, nikaishia kwenye mfereji. Ndizi alizishusha mama, kichwani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimesoma kijitabu cha watalii. Aliyekiandika hana huruma. Ziwa Lough Tay, linaonekana kule chini, chini kabisa. Njia panda ya Sally Gap, upepo mtupu, hakuna nyumba. Maporomoko ya Glenmacnass, ambako maji yanateremka na barabara inateremka nayo. Mwisho Glendalough, maziwa mawili, mnara wa watawa wa kale, na makaburi. Wamepanga vizuri. Mteremko kwanza, makaburi baadaye.

Nikafikiria visa. Labda nitanyimwa. Kisha nikakumbuka nina pasi ya Uingereza tangu mwaka juzi. Siku ya kiapo cha uraia nililia kwa furaha. Leo nimelia tena.

Jumatano, 14 Mei

Mama Bharti, mwenye nyumba yangu hapa Kingsbury, ana baiskeli yenye kikapu. Nikaiazima, nikisema naenda dukani. Nikaipeleka Roe Green Park asubuhi mapema. Hatua tano, chini. Hatua tatu, chini. Mara ya sita nilianguka kabla sijapanda.

Nimerudi goti linavuja damu, yeye yuko mlangoni na kikombe chake cha chai. Kazaliwa Mwanza huyu, humdanganyi. "Telesphor, mwanangu, baiskeli hujui," akasema. "Kamwambie yule binti, mambo yaishe."

Nikamwambia nitalifikiria. Sikulifikiria.

Ijumaa, 16 Mei

Geofrey kapiga simu kuuliza natumia gia gani kwenye mlima mkali. Nikajibu natumia zote. Akaniomba nirudie. Ameanza kunusa.

Nikikiri, nimempoteza Aikaeli. Nikienda, nimejipoteza mwenyewe. Saa kumi jioni likanijia jibu. Msiba! Mfiwa haendi kutalii. Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba baba yangu mdogo Kasiani ametutoka huko Kibosho, na kwamba samahani sana, safari nendeni tu.

Sina baba mdogo anayeitwa Kasiani. Kwa hiyo sijaua mtu. Nimemtunga, kisha nikamuua, na hiyo naamini ni dhambi ndogo.

Jumamosi, 17 Mei

Nilisahau watu wetu walivyo.

Saa mbili asubuhi kengele inalia. Kufikia saa nne sebule ya Mama Bharti haina kiti, magodoro chini, akina mama wamekalia mikeka. Beatha, mwenzetu wa jumuiya, kateka jiko na masufuria mawili ya pilau. Sala. Nyimbo. Mama Bharti kaniangalia mara moja tu, akaenda kuosha vikombe. Rambirambi nimezikataa. Mimi ni mwongo, si mwizi.

Aikaeli kaja moja kwa moja kutoka zamu. Kaketi kando yangu, kanishika mkono, akalia kweli. Alimkumbuka baba yake. Na mimi nikalia, kwa hofu, na kwa aibu pia, ingawa hofu ilikuwa nyingi zaidi.

Kisha wakaomba picha ya marehemu. Nikapekua simu kwa jasho. Harusi ya binamu, Kibosho, mwaka 2016. Nyuma kabisa, karibu na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, mzee mmoja wa kofia. Simjui. Nikamtuma.

Jumatatu, 19 Mei

Safari haijafutwa. Imeboreshwa.

Aikaeli katoa wazo, na wote wamelipenda. Kwa kuwa maziko sitayawahi, tutaendesha kwa kumuenzi marehemu. Msafara wa Mzee Kasiani. Mfiwa mbele, mtu yeyote asimpite. Geofrey kakimbilia kwa Ranjan, mwenye duka la kuchapisha pale Kingsbury Road, na jioni hii fulana kumi ziko kitandani kwangu. Mzee wa kofia ananitazama mara kumi. Anaonekana anajua.

Alhamisi, 22 Mei

Fulana zimepigwa picha, picha zimefika Kibosho kabla chai yangu haijapoa. Mama kapiga. Kauliza nani kaniambia katekista wa kigango chao amekufa. Asubuhi hii hii kampa uji. Ni mzima, na anataka kujua sura yake inafanya nini vifuani mwa watu wa London. Ameomba namba yangu. Mama kampa.

Simu ikilia naruka. Sijala. Mzee wa kanisa akikulaani, laana inavuka bahari au inaishia Mombasa? Wa kumuuliza sina.

Jumanne, 27 Mei

Tumerudi. Nitaandika polepole.

Jumapili basi dogo lilitushusha juu ya Lough Tay. Ziwa jeusi kule chini, nililiangalia mara moja ikatosha. Baiskeli kumi za kukodi, fulana kumi, makatekista kumi. Geofrey akasema mfiwa atangulie. Hapo hapo mdomo ukaniokoa. Nikawaambia kwa sauti ya huzuni kwamba kwetu mfiwa hapandi baiskeli mpaka arobaini ipite. Anaisukuma tu.

Nilidhani wataniacha nyuma. Aikaeli akashuka kwenye yake. Akasema kama mfiwa anatembea, sote tunatembea. Wakashuka wote, hata Geofrey na kaptula yake.

Masaa manne! Watu wazima kumi tukisukuma baiskeli nyikani, upepo, manyunyu, kondoo wanatushangaa. Magari yalipunguza mwendo. Mkulima mmoja alivua kofia akasimama mpaka tukapita. Wanasema mandhari ilikuwa nzuri sana. Mimi niliangalia tairi.

Simu yangu aliishika Aikaeli, maana mfiwa hasumbuliwi. Pale juu ya maporomoko ya Glenmacnass tulikuwa mbele wawili, wengine nyuma wanapiga picha. Mtandao ukarudi. Simu ikalia, ya video. Akapokea. Nikamwona anaangalia kioo, kisha fulana yake, kisha kioo. Katekista akamwambia tumsifu Yesu Kristo, akauliza kama hapo ndipo msibani kwake.

Aikaeli akainua macho. Nimeogopa mengi wiki hizi mbili, lakini macho yale niliyaogopa kuliko mlima. Nikapanda baiskeli. Sijui nilipandaje. Barabara ikanichukua. Breki sikushika kwa sababu sikujua ziko wapi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaisha, nikaingia kwenye kichaka cha miiba chenye maua ya njano, bondeni, mzima.

Geofrey alifika baadaye, kapauka. Akawaambia wenzake kwamba alikuwa haniamini, kumbe zile ndizi zilikuwa za kweli.

Aikaeli alinirudishia simu kwenye treni, karibu na Euston. Alisema nilimfanya amlilie mtu aliye hai. Yeye hatamwambia mtu. Jumamosi mkutanoni niseme mwenyewe, yote, na baiskeli atanifundisha yeye, Roe Green, taratibu. Nikishindwa, nisimtafute tena.

Nampenda. Nitasema.

Jumamosi, 31 Mei

Niliandika ungamo langu, ukurasa mzima. Mama Bharti kalisoma, kanifunga kifungo cha shati, kaniambia niende.

Ukumbini Geofrey alinitangulia kuongea. Kasimulia mteremko wote, kaongeza na kona mbili ambazo hazikuwepo. Vigelegele. Kisha wote wananitazama. Aikaeli alikaa karibu na mlango, koti mapajani. Nikakunjua karatasi. Nikafungua mdomo.

Nikasema ule mteremko si kitu, wa Kibosho ndio mteremko, hasa ukiwa na mikungu sita.

Makofi. Aikaeli akavaa koti. Fulana ya katekista kaiacha kwenye kiti, imekunjwa vizuri.

Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kupanda mlima Snowdon, Agosti. Geofrey anasema kuna njia moja nyembamba, pande zote mbili shimo, lakini kwa mtoto wa Kilimanjaro ni mchezo.

Nimekuja nyumbani, nimeketi, nimepitia upya zile picha za harusi. Yuko bibi mmoja, kanga ya bluu, anacheka. Simfahamu kabisa.