Chipu ya Binti Yangu na Mayai ya Jirani

Jumatatu, 3 Juni
Binti yangu amemaliza kisanduku chake. Nje ni kopo la plastiki la siagi, ndani kuna chipu ndogo kuliko ukucha wangu. Unachomeka feni, waya mmoja unapima joto. Chumba kikipata joto, feni inawaka yenyewe. Kikipoa, inazima. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kichwa hicho kakitoa kwangu. Baba yake hata redio humshinda.

Alhamisi mkuu wa karakana ya mafriji anakuja kukiona. Akiridhika, binti kapata kazi, baada ya miaka miwili ya kuzungusha barua. Nimeambiwa nisikiguse.

Jumanne, 4 Juni
Jirani mshonaji kaja kuazima pasi, kaanza tena habari za mkwewe daktari wa meno. Nikamwambia mkweo anang'oa, binti yangu anaumba akili. Akasema haya, mama akili, basi nitazamie mayai yangu. Ana sanduku la kutotolea vifaranga, mayai thelathini ya juzi, na balbu anayoiwasha na kuizima kwa mkono kutwa nzima. Nikaona nafasi yangu.

Jumatano, 5 Juni
Binti kaenda kusuka. Nikachomoa feni, nikakificha kisanduku kwenye beseni la nguo, huyoo kwa jirani. Nikachomeka balbu pale pa feni, waya nikauweka katikati ya mayai. Balbu ikawaka palepale. Jirani akainama kukichungulia kisanduku. Nikamwambia akashone tu, chipu inalea. Nitakifuata kesho alfajiri.

Alhamisi, 6 Juni
Usingizi ulinipitia. Mgeni kawahi. Binti anatafuta kisanduku hadi uvunguni, nami namsaidia kutafuta. Mara jirani huyo mlangoni, kisanduku mkono huu, yai mkono ule. Akalipasua mezani mbele ya mgeni, akisema balbu haikuzima usiku kucha. Limeiva.

Binti akakipokea kisanduku, akakikagua. Akamweleza mgeni kwamba chipu imetii ilivyoagizwa: joto likipanda, washa. Kwa feni ni sawa. Kwa balbu, kila ikiwaka joto linazidi, na joto likizidi haizimi ng'o. Akafungua kompyuta, akageuza mstari mmoja wa maagizo, akachomeka taa ya mezani, akaufumbata waya kiganjani. Taa ikazima. Akauachia, akaupuliza. Ikawaka.

Mkuu wa karakana akauliza nani alikipeleka kwenye mayai. Binti akasema ni mama. Mzee wa watu akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia binti aanze Jumatatu saa mbili, aje na viatu vya kufunika vidole.

Jumatatu, 10 Juni
Binti yuko kazini. Jirani hanisalimii, ingawa trei mpya ya mayai nimempelekea. Nimepima mambo: bila mimi yule mzee angeona feni inazunguka, basi, akaenda zake. Kazi ile nimeitafuta mimi.

Mwokaji wa mtaa wa pili analalamika mikate inamuungulia. Nimemwambia hilo limekwisha. Kisanduku, ambacho binti kakiacha nyumbani, nimekisukuma ndani kabisa ya tanuri lake, kikae karibu na moto, kisikie vizuri.