Jogoo wa Mkwe na Mbwa Aitwaye Jenerali

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Bariadi.
Msiba uani! Jenerali, mbwa wetu, amemuua tetea mwekundu. Manyoya mlangoni, manyoya jikoni, moja limemganda puani. Hata aibu hana. Tumemnyang'anya mzoga kwa fimbo. Wamebaki jogoo mweupe na matetea watatu. Na Jumamosi Mzee Malimi anakuja kutoka Maswa kumposea mwanawe binti yetu Veronica! Kwetu mkwe hapakuliwi kuku asiyemjua. Huletewa jogoo akiwa hai, akamshika, akampima uzito kwa mikono yake, ndipo achinjwe. Huyu akiliwa na mbwa, nitamshikisha mkwe nini? Sufuria?
Apolonia, mke wangu, ameshauri mbwa afungwe kamba. Nimekataa. Mimi ndiye niliyemleta kutoka Dutwa nikatangaza mtaa mzima kwamba ana akili. Mbwa mwenye akili hafungwi. Hufundishwa.

Jumanne, 9 Septemba.
Jirani yangu Bundala amesema dawa ni kumfunga mbwa mzoga shingoni hadi auchukie. Hoja nzito. Nimemfunga Jenerali yule tetea mwekundu shingoni kwa kamba ya katani. Jenerali akatoka kwa maringo, kama aliyevishwa nishani. Alasiri amerudi. Kamba ipo. Kuku hayupo. Tumbo limetuna. Bundala alicheka hadi akaegemea ukuta. Eti, "Mzee, mbona umemfungia chakula cha safari!" Mshauri gani huyu?

Jumatano, 10 Septemba.
Leo ngome. Nimelizungushia banda mabua ya pamba kutoka shambani, yamesukwa vizuri, hata panya hapenyi. Sijamaliza kujisifu, akatokea afisa kilimo wa kata. Ameniuliza kama sijui kwamba baada ya mavuno mabua hung'olewa na kuchomwa, ili wadudu wasivuke hadi msimu ujao. Akasema nimewajengea wadudu nyumba ya wageni. Nilimweleza kwamba hii ni ngome. Akauliza kiberiti kiko wapi.
Nimeichoma kwa mkono wangu. Jenerali alikaa pembeni akiota moto.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nimegundua! Tatizo si kuku. Mwenye kosa ndiye afungiwe. Asubuhi nimewatoa kuku wote, nikamwingiza Jenerali bandani, nikatia komeo. Kuku wakadonoa uani kwa amani. Apolonia aliuliza kama kesho tutaokota mayai ya mbwa. Nilikwenda kwenye sala ya jumuiya nikiwa na moyo mweupe.
Nimerudi jua likizama. Uani kimya. Kuku hakuna. Mungu wangu! Nani aliwaambia kuku kwamba nyumba yao imepata mpangaji mpya? Giza likinyemelea, kuku hurudi kwao. Na lile tundu lao la chini, dogo kwa mbwa lakini pana kwa kuku, sikuliziba. Wameingia wenyewe, kwa foleni! Niliona Mzee Malimi akigeuza pikipiki. Niliona Veronica akilia. Nikavuta komeo nimefumba macho.
Wazima! Wote! Matetea wako juu ya fito. Jogoo amesimama juu ya mgongo wa Jenerali, naye Jenerali anakoroma. Nilikaa chini pale pale kwenye kinyesi, nikamshukuru Mungu kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilikataa kutoka.

Ijumaa, 12 Septemba.
Nimeokota bakuli tupu bandani. Apolonia amesema, bila soni, kwamba jana alimpelekea Jenerali ugali na dagaa hadi akashindwa kusimama. Akasema tangu nilipokataza mbwa asilishwe, maskini amekuwa akilamba mafiga. "Baba Veronica, huyu si mwizi. Ana njaa."
Nimemsikiliza kwa upole. Yeye ameona bakuli. Hakuona mbinu. Mbwa aliyeshiba halindi, hilo linajulikana. Kilichomrekebisha ni komeo.

Jumamosi, 13 Septemba.
Wamekuja! Mzee Malimi alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akampima, akaguna. "Mkwe, huyu ni kuku au ndama?" Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Firigisi akala yeye. Habari ya ng'ombe wa mahari ikaisha bila mtu kupandisha sauti. Apolonia akapiga vigelegele, Veronica akajificha jikoni akicheka. Sijapata kujisikia mwepesi hivi.
Wakati wa kuaga, mkwe aliwaona matetea wakimdonoa Jenerali mkia, naye ametulia. Akauliza nimefanyaje. Nikamweleza habari ya komeo. Amestaajabu sana! Kumbe kwake Maswa kuna mbwa watatu wanaomaliza bata. Ataniletea wote Jumatatu niwafunze. Apolonia alikohoa kwa nguvu, sijui kapaliwa na nini.
Nimekubali, kwa sharti moja la kitaalamu: kuanzia kesho wasionje chakula.