Protini za Dada na Kwapa Langu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeosha vichupa vya maabara nzima kabla ya chai. Mwenye kasi kama yangu hapa hayupo. Birika analijua hilo, ndiyo maana kaninunia. Birika ni fundi wa maabara. Nimembatiza hivyo kwa kuwa haachani na birika lake la umeme.

Mtaalamu wa maabara hii ni dada yangu. Mimi niliishia kidato cha pili, ila kazi yake naielewa kuliko anavyodhani. Protini ni mnyororo mrefu. Baadhi hupachikwa kijimkia cha mafuta, na kwa mkia huo hunata kwenye ngozi ya seli. Nyingine hazipewi, zinaelea tu. Programu ya dada inausoma mnyororo na kubashiri nani atapachikwa. Nikamwambia huo si usomi, ni mchezo wetu wa nyuma ya pazia. Akacheka mpaka akakaa chini.

Zamani wageni wakija tulijibana nyuma ya pazia la sebuleni, tukibashiri nani atakaa mpaka giza. Dada alitazama mkoba. Ukiwa mapajani, mgeni anaondoka. Ukiwa sakafuni, huyo kanata, tuwahi mkate. Hakukosea hata mara moja. Mama alitusikia tukicheka, akajifanya hasikii. Nyumba ile imeshauzwa. Pazia sijui liliishia wapi.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Programu ikifaulu jaribio la kesho, dada anapewa kazi mji wa mbali. Mama anasema ni heri kubwa, huku anafuta meza iliyo safi. Mimi sijaulizwa. Basi haitafaulu.

Birika kanieleza jaribio lote bila kujua anaongea na nani. Protini zinachanganywa na sabuni maalumu kwenye barafu, kisha vichupa vinatiwa kwenye beseni la umeme lenye maji ya moto kiasi. Vikipata joto, sabuni inajitenga na kuzama, na protini zenye mkia wa mafuta zinaifuata chini. Zisizo na mkia zinabaki juu. Bila joto, hakuna kujitenga. Bila kujitenga, hakuna safari. Nusura nimbusu.

Jumatano, 6 Machi

Birika alipotoka nikachomoa waya wa beseni, nikachomeka birika lake. Lawama zimfuate mwenyewe. Lakini maji yale hayapoi upesi, nikaona nivitoe vichupa kabisa. Nikavibana kwapani, ndani ya koti, nikajifungia stoo karibu saa nzima. Nimebana pumzi kama enzi za pazia. Tofauti ni kwamba enzi zile tulikuwa wawili.

Dada akanikuta. Akauliza nimeficha nini. Nikasema navipa joto, beseni limekufa. Uongo wangu huwa hausubiri kuitwa. Akaenda, akayagusa maji, yamepoa. Akarudi, akaviinua vichupa kwenye mwanga. Sabuni imejitenga vizuri kupita kiasi. Nani aliwahi kuniambia kwapa ni jiko? Akanikumbatia mbele ya watu, akasema nimeokoa jaribio. Birika akafokewa. Akaapa hajagusa kitu. Nikamhurumia kidogo, kisha nikanywa chai yake.

Ijumaa, 8 Machi

Vipimo vimetoka. Programu imepatia zote isipokuwa moja. Dada anaondoka Jumapili. Mama ananisifia kwa majirani, eti bila mimi dada asingepata kazi. Kweli kabisa. Sijawahi kusifiwa nikatamani kulia.

Jumapili, 10 Machi

Nimembebea begi hadi kituoni. Akaniuliza taratibu, bila kunitazama, ule waya aliuchomoa nani. Nikamwambia Birika si mtu wa kuaminika. Akasema anakumbuka nilivyokuwa nikiwafichia wageni viatu ili wasiondoke. Akanishika kichwa kama mtoto, akapanda basi.

Nimerudi nyumbani nimetulia kabisa, maana waya wa kuchajia kompyuta yake ninao mimi. Bila huo hafanyi kazi. Lazima arudi.

Mchana kapiga simu. Kanunua mwingine njiani. Huu kasema nibaki nao.

Sawa. Miwani yake ya kusomea hajaiulizia bado.